Kichuguu cha Mama Mkwe

Mume wangu hakuwa na ugomvi na kiumbe chochote duniani isipokuwa mchwa. Alipanda msitu wa mikaratusi mlimani, nyuma ya mji, na kila msimu miche ilimkaukia imesimama. Ukiuvuta mche unakuja wenyewe mkononi, mizizi imeliwa yote. Alinyunyiza dawa mpaka akachoka. Ndipo akapata chambo: makopo yaliyotobolewa, ndani yake vipande vya mbao laini vyenye sumu, unayafukia kati ya miti.

Tatizo lilikuwa mama yake. Ukingoni mwa msitu ule palikuwa na kichuguu ambacho mama mkwe alirithi kwa mama yake mzazi, na huku kwetu kichuguu cha kumbikumbi kina mwenyewe, kama mchikichi. Mvua za kwanza zikinyesha, mama mkwe alikifunika kwa blanketi kuukuu, akachimba kishimo pembeni, kumbikumbi wakamiminika humo. Aliwakaanga, akagawa. Bakuli la mtaa wa Buzebazeba, bakuli la Katubuka, bakuli la wanawake wanaoanika dagaa Katonga. Asiyepelekewa alijua amemkosea, na wengine walikuja kuomba radhi mapema, mawingu yakianza tu. Mimi niliona ni utawala mtupu, na niliuonea wivu.

"Iswa wangu usiwaguse," alimwambia mwanawe, akiwaita kumbikumbi kwa kilugha.

"Siwagusi, mama. Chambo naweka kule mbali kabisa."

Akatimiza neno lake. Nilikuwa naye, nimeshika jembe. Hakuna kopo lililokaribia kichuguu. Lakini alipima umbali wa sisi tunaotembea juu, na mchwa hupita chini. Tena sumu ile ni ya polepole kwa makusudi: mchwa anaila, anarudi nayo kwao, anawalisha wenzake mpaka malkia.

Miche ikashika. Mvua zikaja, vichuguu vya majirani vikafumuka. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda kando ya blanketi lake mpaka jua likawa la utosi. Hakutoka hata mmoja. Akafunua, akagonga udongo kwa mpini wa jembe, akasikiliza.

"Wamekula kwako, wamekuja kufia kwangu," alimwambia mwanawe, bila kupandisha sauti.

Mume wangu akasema samahani, kisha akaanza kueleza habari za njia za chini ya ardhi. Maelezo yalikuwa sahihi kabisa. Nilitamani kumziba mdomo.

Alasiri mabakuli ya kumbikumbi yakaanza kuja. Buzebazeba, Katubuka, hata Katonga, yamefunikwa kwa vitambaa safi. Hakuna aliyecheka. Mama mkwe alipokea kila moja kwa mikono miwili, akashukuru, akaniambia nivioshe vizuri vyombo vya watu.

Chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Nikamwona anazunguka jikoni, anafunua sufuria moja baada ya nyingine, anatafuta cha kutia ndani.