Mwaridi Uliopandwa Kama Muhogo

Mama yangu alihamia kwangu Kitangari na sanduku moja, jembe lake na hasira. Mguu ulikuwa umemgomea, nyumba yake ya Lisekese ilikuwa inavuja, na sisi watoto tulikata shauri ahame bila hata kumwuliza. Sanduku hakulipakua. Alitoa nguo, akaivaa, akaifua, akairudisha humo humo. Kila asubuhi, nikishamwamkia shikamoo naye akaitikia marahaba, swali lilikuwa moja: "Gari la Masasi linapita saa ngapi?"

Mimi ni mwalimu, nimezoea kubishana na darasa zima, lakini kwa mama nilinyoosha mikono. Nikimwambia huku juu kuna ubaridi mzuri, anasema ubaridi unamuuma magoti. Nikimwambia mkwe wake anampenda, anasema mtu mzima hakai kwa mkwe. Na mkwewe hakusema naye, kwa heshima zao za zamani. Mume wangu amekaa pale pale, mama ananiambia mimi, "Mwambie mumeo chai inapoa." Naye ananijibu mimi, "Mwambie mama nakuja." Nikawa posta ndani ya nyumba yangu.

Kitu kimoja tu alikitaja kwa upole, nacho ni mwaridi wake wa Lisekese, ule wa chini ya dirisha, wenye maua ya pinki yanayonukia. "Huku kwenu mna mikorosho na foleni ya ndoo," alisema, "ua hata moja hamna." Nikaona hapo hapo. Mwaridi ukija, mama atakaa.

Jumamosi nikashuka Lisekese, nikakata vijiti sita, nikavizungushia kanga mbichi. Sasa mimi nimekulia kwenye muhogo. Kipande cha muhogo unakichomeka juani, unakipa kisogo, kinaota chenyewe. Basi na vijiti vya mama nikavichomeka vile vile, kwa kulaza, katikati ya jua, nikapangusa mikono. Mama alikuwa barazani ananitazama. Nikadhani amefurahi! Halafu kila nikitoka shule ninavuta kimoja nione kama kimetoa mizizi. Subira sina, wanafunzi wangu watakwambia. Wiki ya tatu vitano vilikuwa vyeusi, na cha sita kilikuwa njiani.

Nikarudi Lisekese kukata vingine. Lahaula! Mafundi waliokuja kukarabati nyumba walikuwa wameung'oa mwaridi wenyewe ili wapate pa kupanga matofali. Nilikaa juu ya matofali hayo nikalia kama mtoto, kwa sababu nilijua nikirudi mikono mitupu mama hatakaa hata mwezi.

Masasi, kando ya barabara, kuna mama anauza miche. Alikuwa na miwaridi mingi kwenye mifuko, lakini hakuna hata mmoja uliochanua, kwa hiyo nilichagua kwa majani na kwa dua. "Huu ni pinki, dada, na unanukia mpaka nyumba ya pili," akaapa. Nikaamini, maana nilitaka kuamini.

Jumapili, mama akiwa kanisani, nikang'oa kile kijiti, nikachimba shimo la maana, nikatia samadi, nikapanda mche. Safari hii nilichagua upande unaopata jua la asubuhi tu. Sijamaliza kunawa, mama huyo, anarudi na mkongojo wake.

"Mama! Kile kimoja kimeshika! Nimekihamishia hapa."

Akainama, akashika jani. Akanitazama usoni, muda mrefu. "Eti eh?"

"Kimeshika kweli, mama."

Kesho yake hakuuliza gari. Aliuliza, "Maji ya kusuuzia vyombo mnamwaga wapi?"

Tangu hapo tulikoma. Bomba letu linatoa maji likijisikia, lakini mwaridi haukukosa. Maji ya kuoshea mchele, ya mwaridi. Ya kunawia mikono, ya mwaridi. Ukimwaga kikombe uani unasikia sauti kutoka barazani, "We! Unatupa maji ya mwenzako?" Mwaridi ukanenepa kutushinda sisi.

Mwezi wa saba majani yakaingia unga mweupe. Mume wangu akaja kuutazama. "Mwambie mama huu ni ubwiri, kama wa mikorosho," akaniambia. "Kesho alfajiri nitaupiga dawa ya salfa."

Mama akageuka, akamwambia mwenyewe, "Kidogo tu, baba. Usije ukauunguza."

Mume wangu akavua kofia haraka. Alibaki ameishika kifuani.

Unga ukaisha, vitumba vikatoka, na mimi raha yote ikaniisha. Kila asubuhi nilikwenda kuvichungulia nikiomba, Mungu wangu, pinki tu. Siku ua lilipofunguka nilikuta rangi ya papai lililoiva. Nikainama kunusa. Hewa tupu.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Labda ni udongo wa huku, mama," nikasema. "Udongo hubadilisha rangi."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Mwalimu mzima! Mwaridi wangu una miiba mikubwa namna hii? Nilijua siku ile ile."

Aibu ilinishika, na hasira kidogo. "Sasa kwa nini hukusema? Miezi yote hii unaunywesha tu!"

Akafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kanga.

"Jumapili ile nilikuwa nimeshapatana na mtu wa bodaboda," akasema. "Kesho yake nilikuwa naondoka. Nilijua mmenileta huku kwa sababu mlikosa pa kuniweka. Nikarudi kutoka kanisani nikakukuta una udongo mpaka kwenye nyusi, unaniongopea huku midomo inakutetemeka. Nikasema, kumbe huyu ananitaka."