Hesabu Iliyogoma Kufunguka

Harufu ya maganda ya kahawa yaliyoanza kuchacha hunirudisha Iyula, uani kwa bibi, likizo ya katikati ya mwaka nilipokuwa kidato cha pili. Mama alikuwa akifanya biashara Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na aliahidi kuja likizo hiyo anichukue nikaishi naye. Bibi alinipenda, lakini masikio yake yalikuwa yamechoka. Kwa mtoto mwenye maneno mengi kama mimi, nyumba ile ilikuwa kimya mno.

Nilichobaki nacho ni aljebra. Mwalimu alikuwa ametufundisha kutafuta vigawo. "Tafuteni namba mbili," alisema. "Mkizizidisha mpate ya mwisho, mkizijumlisha mpate ya katikati." Wenzangu waliichukia mada ile, mimi niliona ni kama kahawa tu. Ukiminya tunda jekundu kwa vidole, punje mbili huchomoka, zilizokuwa zimekumbatiana humo ndani. Basi nikaamini kila hesabu iko hivyo hivyo: ukiijulia kuiminya, zitatoka mbili.

Nikajiwekea sharti la kitoto, kwamba nikimaliza mazoezi yote, mama atafika. Nilikwenda vizuri hadi nilipokutana na x² + 3x + 4. Moja na nne zilinipa tano. Mbili na mbili zikanipa nne. Tatu niliyoitaka haikupatikana kokote. Nilifuta, nikaandika upya, nikageuza alama, na kila pikipiki iliponguruma njiani niliinua kichwa.

Kisha mama akapiga simu.

"Mwanangu, vumilia kidogo. Huku bado mambo hayajakaa sawa."

"Sawa, mama," nilijibu, nikampa bibi simu yake. Nikarudi kwenye ile hesabu kutafuta nilipokosea, maana nilikuwa na hakika kwamba nimekosea mahali.

Jioni ile, mimi na bibi tukiminya kahawa uani, tunda moja lilinitolea punje moja tu, ya mviringo. Nilishtuka, nikamwonyesha bibi. Aliigeuzageuza kiganjani, akaitupia ndooni pamoja na nyingine.

"Na hizo huwa zipo," alisema, akaendelea na kazi.

Shule ilipofunguliwa nilimpelekea mwalimu kurasa zangu zilizochakaa kwa kufutwa. Alizisoma zote bila haraka.

"Hii haina vigawo, binti. Ndivyo ilivyo. Wewe hujakosea kitu."

Nililia mbele ya darasa zima, nao wakacheka, kwani nani hulilia hesabu?

Mama hakuja mwaka ule, wala uliofuata. Nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa kwamba aliolewa kule, na kwamba mumewe hakujua kama mimi nipo. Iliniuma, na bado inaniuma. Lakini siku hiyo nilimkumbuka mwalimu, na zile kurasa nilizozifuta hadi zikatoboka. Miaka yote ile nilikuwa bado natafuta nilipokosea, na sikuwa nimekosea kitu.