Ujumbe Nilioupeleka Nusu

Nilipokuwa mtoto, kazi yangu kubwa nyumbani ilikuwa kubeba maneno. Boma letu liko karibu na Kebirigo, kwenye mteremko wa chai na migomba. Babu, yaani baba yake baba, aliishi upande wa juu wa ua, na sisi upande wa chini. Kwetu Wagusii, baba mkwe na mke wa mwanawe huheshimiana kwa kukaa mbali. Heshima hiyo tunaiita chinsoni. Babu hakuingia nyumbani mwa mama, wala mama hakumtazama machoni. Baba alikuwa na duka Mosocho na alirudi Ijumaa, kabla ya Sabato kuingia. Siku nyingine zote, mimi ndiye niliyekuwa mdomo wao.

Nilikuwa na miaka tisa, na nilijivunia kwamba sipunguzi neno.

Mwaka huo mama alikuwa akijengewa jiko. Fundi Ombati alikuwa amevuta kamba na kupiga vigingi kwenye kibonde kidogo chini ya migomba, mahali palipoota nyasi tu, ambapo hakuna aliyewahi kupanda chochote. Babu aliviona vigingi, akaniita uani.

"Moraa, mwambie mamako asijenge pale. Wahenga hushukia pale kwenda mtoni kunywa maji. Ukiwazibia njia hawabishi hodi. Wanapita tu."

"Wanapita wapi, babu?"

"Katikati ya sufuria." Akacheka mpaka akakohoa.

Mimi sikucheka. Kanisani, mwalimu wetu wa shule ya Sabato alikuwa ametufundisha kwamba wafu hawajui lolote, na anayesema wanatembea amedanganywa na shetani. Mama alikuwa shemasi. Niliogopa atamwona babu mpagani, na niliogopa zaidi kwamba maneno yenyewe yatatoka kinywani mwangu. Kutoka uani hadi kwenye vigingi ni hatua arobaini na mbili. Nilizihesabu zote, na nilipofika nilikuwa nimekwisha kuukata ujumbe.

"Babu anasema jiko lisogezwe."

"Kwa nini?" mama akauliza.

"Hakusema."

Fundi Ombati akaegemea jembe. "Mzee anaogopa moshi huyo. Mama Moraa, tukianza kumsikiliza tutakujengea Gesima kwa wazazi wako."

Mama alivitazama vigingi, kisha akanitazama mimi. Nafikiri alikuwa akinisubiri niongeze kitu. "Kama hana sababu," akasema mwishowe, "endelea."

Jiko lilikamilika kabla ya mvua kubwa: kuta za fito na udongo, na bati jipya. Kisha, alasiri moja, nilikuwa ndiyo kwanza nimefika kutoka shuleni mvua ilipoanza kupiga kama mawe. Maji yalishuka kibondeni yakiwa mekundu, yakaegemea ukuta wa nyuma, yakaingia. Mama alikuwa ndani akipika, mdogo wangu akiwa mgongoni. Nilimwona akitoka mbio, matope magotini, na nyuma yake ukuta ukalala juu ya mafiga. Sufuria ilipita mbele yangu ikielekea mtoni.

Nilianza kulia, na nikiwa nalia nikasema yote.

"Alisema wahenga?" Mama alinishika mabega. "Moraa! Kwetu Gesima hata mtoto anayenyonya anajua kwamba njia ya wahenga ndiyo njia ya mvua kubwa. Bibi yangu hakuthubutu hata kufunga mbuzi kwenye njia hiyo. Ungenitajia wahenga, ningeng'oa vile vigingi mimi mwenyewe."

"Lakini shule ya Sabato..."

"Shule ya Sabato ilituambia tujenge ndani ya maji?"

Kesho yake alinituma tena. Babu akasimama uani na fimbo yake, mama akasimama chini na vigingi vipya, mimi katikati. Walisikiana vizuri kabisa, lakini hakuna aliyemwelekea mwenzake.

"Mwambie apande juu kidogo."

"Mama, panda juu kidogo."

"Mwambie hapo. Na nyasi za kibondeni asizilime."

"Hapo! Na nyasi za kibondeni usizilime!"

Sikuacha neno. Babu alipokohoa, karibu nikohoe. Jiko hilo la pili bado limesimama, na mama bado anapikia humo.

Sasa mimi ni msanifu majengo. Natafiti jinsi wazee wetu walivyochagua mahali pa kujenga na walivyoshika udongo wa miteremko kwa nyasi na ua wa miti, ili majengo yetu ya vijijini yaiponye ardhi badala ya kuichosha. Mwaka huu nachora shule ya chekechea huko Gesima. Wazee wa huko walinionyesha njia ya wahenga, lakini katika ramani yangu ya kwanza niliandika "mkondo wa maji ya msimu", nikawaacha wahenga nje. Nilihofia wasimamizi wangu wa utafiti wangecheka. Nilipowasomea wazazi wa watoto ramani hiyo, waliitikia kwa adabu tu, nami nikaona nimeukata ujumbe tena. Nikaiweka ramani chini, nikasema, "Hapa ndipo wahenga hupita kwenda kunywa maji."

Kelele zilizozuka! Mama mmoja mwenye kikapu cha chai mgongoni alikuja mbele, akachukua kalamu yangu. "Hiyo uliyochora ni ya wazee. Wale vijana waliokufa mapema hupita huku," akasema, huku wenzake wakicheka, akachora mstari wa pili. Kesho yake nilikwenda kupima. Palikuwa na kibonde, cha kina kisichofika magotini, na juu yake nilikuwa nimechora madarasa mawili.

Nimeyasogeza. Bado nina wasiwasi, maana ndivyo nilivyoumbwa, na huenda nitalala vibaya mvua za kwanza zikinyesha. Lakini sasa naandika ninachoambiwa jinsi ninavyoambiwa, pamoja na kiu ya wahenga na vicheko. Mama hakuhitaji kuamini alichoamini babu. Alihitaji tu kukisikia chote.