Makaburi ya Vitu Vilivyoazimwa

Bernadine Kowalczyk alikuwa mpishi wa shule hadi alipostaafu, na katika mji wao mdogo wa Ohio hakuna aliyemfikia kwa mawe bandia ya kaburi ya kupamba uwanja wakati wa Halowini, sikukuu ya mizimwi. Kila vuli alijifungia gerejini, akakata mabamba ya povu gumu, akachoma herufi kwa chuma cha moto, akapaka rangi ya kijivu iliyochanganywa na mchanga. Mwisho aligusagusa kijani kwa sponji, mpaka ungeapa jiwe limeota kuvu tangu enzi za mababu.

Mwaka huo hakuzika mizimwi. Alizika vitu vyake vilivyoazimwa visirudi, mawe yakasimama mbele ya nyumba yake.

HAPA IMELALA DRILI YANGU. ILIKWENDA KWA TAMMY KWA DAKIKA TANO.

Kesho yake Tammy, jirani wa nyumba ya pili, alikuja mbio, drili mkononi. “Wewe mama huna haya! Kanisa zima limesoma!”

“Ndiyo maana nikaandika kwa herufi kubwa, mwanangu,” alisema Bernadine, akaling’oa jiwe mbele ya macho yake.

Basi vitu vikafufuka kimoja kimoja: toroli, hema, hata sufuria aliyokwisha kuisahau. Ambaye hakurudisha kitu ni Verlin Stamper, mgane wa ng’ambo ya barabara, ingawa jiwe la ngazi aliyoiazima lilitazamana na mlango wake.

“We Verlin! Umesoma?”

“Nimesoma. Hiyo N umeiandika kama mlevi.”

Jumamosi jiwe likachomoza kwenye majani ya Verlin mwenyewe:

HAPA LIMELALA BAKULI LA LASANYA LA MAREHEMU PEGGY. LILIVUKA BARABARA LIMEJAA, HALIKURUDI HATA TUPU.

Uso ulimwiva Bernadine. Alipekua kabati la jikoni, na chini ya vyombo vyake akalikuta, jina la Peggy likiwa bado limebandikwa kitakoni. Peggy, mke wa Verlin, alimletea humo lasanya, zile tambi za kuoka na jibini, siku Bernadine alipopasuliwa goti. Bernadine alicheka hadi akashika sinki, kisha akafuta macho, maana kicheko kilikuwa kimechanganyika na kitu kingine.

Lakini kilichomkereketa zaidi ni lile jiwe, zuri kuliko yake yote: limetoboka, limelika, kama lililonyeshewa mvua karne mbili. Akavuka na bakuli kwapani.

“Umelifanyaje, bwana?”

Verlin alikuna kichwa. “Nilipuliza rangi ya kopo. Ikaanza kulila povu. Nikajua nimeshaharibu.”

“Umeharibu vizuri mno, mpumbavu we! Na ngazi yangu?”

“Ilivunjika mwaka juzi, nikiwa juu yake. Niliona aibu kukwambia.”

“Kumbe ni maiti kweli! Basi jiwe libaki.”

Verlin akalipokea bakuli kwa mikono miwili, akamkaribisha kahawa.

Usiku wa sikukuu watoto waliovaa majoho ya uchawi walijipanga kupiga picha kwenye jiwe la Verlin. Bernadine aliwagawia peremende huku mdomo ameuvuta, akiwaambia wote kwamba jiwe lile limetokea kwa bahati tu.