Pete ya Saa Aliyoletewa Baba

Alkhamisi, mwezi wa kumi na moja. Mvua ya vuli ilinyesha tangu alfajiri, kisha likatoka jua kali na vichochoro vya Mji Mkongwe vikafuka mvuke. Naandika kama ninavyokumbuka. Mwengine wa nyumbani pengine angeeleza vyengine, nami sitombishia.

Mzee mmoja wa Kizungu, mstaafu, huja Unguja kila mwaka akacheza dhumna na baba yangu barazani kwetu. Kwao hukusanya saa za ajabu ajabu, za bei kubwa, zilizofichwa ndani ya vitu vyengine. Aliwahi kutuonesha kalamu yenye saa kwenye kifuniko, na kifungo cha koti ambacho ukikibonyeza kinafunguka kama chaza. Safari hii alimletea baba pete. Nene, ya manjano, juu ina kifuniko mfano wa asmini iliyofumba. Ukikisukuma kwa ukucha, ndani mna saa ndogo kama choroko, na inakwenda.

Baba aliipokea kwa mikono miwili. Hakuuliza ni ya madini gani, na ningekuwa mimi nisingeuliza vilevile. Mgeni alipoondoka ndipo mama akasema, "Bwana, ikiwa dhahabu hiyo, huivai."

"Si dhahabu. Shaba hiyo, imepakwa rangi tu."

"Basi nipe mimi hiyo shaba."

"Ebo! Nimepewa mimi."

Kwetu mwanamme havai dhahabu, na kwa hili baba hana mchezo. Lakini mgeni alikuwa anasafiri kesho yake, na usiku ule alialikwa kuja kula kwetu. Baba alitaka aikute pete kidoleni. Alichelea rafiki yake asije akadhani zawadi imetupwa kabatini. Nikatumwa kwa sonara ikapimwe.

Nilipokuwa navaa buibui, mama akanivutia jikoni. "Mwambie asugue sawasawa. Asije akasema shaba kwa uvivu."

Nikafika mlangoni, baba naye akaninong'oneza, "Usimsumbue sana huyo sonara. Akisema shaba, shukuru uondoke."

Sijapata kuona mtu akiomba zawadi yake iwe bandia. Nilicheka peke yangu njiani, kisha nikajiona vibaya, maana sikujua mimi nipo upande wa nani. Elimu yangu ni madrasa na darasa la kumi. Siwezi kumfundisha baba dini wala mama subira. Nikaamua nimpe sonara pete bila kusema neno.

Aliisugua kwenye jiwe lake jeusi, akadondosha dawa, akatazama. "Dhahabu, dada."

"Yote?"

"Mashine ya ndani siyo. Pete na kifuniko chake ni dhahabu nzuri kabisa."

Nikamwomba apime tena, kwa haki ya baba. Akapima. "Wenzio hulia hapa nikiwambia si dhahabu. Weye unalia kwa kuwa ni dhahabu?"

"Silii."

"Basi uso huo wa nini?"

Nyumbani niliwaambia wote wawili pamoja, asipate habari mmoja kabla ya mwenziwe. Mama hakushangilia, na hilo naliandika kwa kuwa ni haki yake. Alirudi kwenye ungo akauchagua upya mchele aliokwisha kuuchagua. Baba akakifungua kifuniko, akakifunga, halafu akamwambia, "Nyoosha mkono." Akamvisha. "Lakini mgeni namwambia mwenyewe."

Mgeni alikuja baada ya isha. Hata hajakaa vizuri, macho yake yalikuwa kwenye vidole vya baba.

"Rafiki yangu," baba alisema, "pete yako ni dhahabu."

"Ndiyo!" Mgeni alijibu kwa furaha.

"Sisi wanaume dhahabu hatuvai. Hata kwa ajili yako siwezi. Nimempa mke wangu."

Mgeni akawa mwekundu mpaka masikioni. "Nisamehe. Miaka yote hii nakuja, sikujua. Nitakuletea nyengine, ya fedha."

"Sitaki nyengine. Nataka hii hii, ila ikae kwenye mkono ule pale."

Mama akautoa mkono chini ya mtandio. "Na hairudi, bwana mgeni. Mie nshaizoea." Mgeni akacheka hadi akajifuta macho.

Tangu hapo baba hakutulia. "Mke wangu, saa ngapi?" Mama anakisukuma kifuniko kwa ukucha, polepole, anausogeza mkono kwenye taa, na mgeni anainama kutazama. "Saa mbili na nusu." Baada ya kitambo kidogo, "Na sasa?" "Bwana, hata haijasogea!"

Siwezi kuapa kuwa baba hakubakiwa na uchungu wowote. Lakini nilimtazama sana, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeridhika. Tulikula wali wa nazi, samaki changu wa kupaka na kachumbari yenye pilipili nyingi. Ukoko waligawana baba na mgeni wake.