Mfuata Nyayo na Mwizi wa Redioni

Waitara wa Nyanungu alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakuwahi kukosea. Ukibisha, muulize mwenyewe. Ng'ombe wa mtu akiibwa, jua halijapanda Waitara ameshaitwa. Anakuja na fimbo yake, anainama, anaguna, anafuata kwato mpaka mlango wa boma zinamoingia. Na sheria ya huko hata mtoto anaijua: nyayo zikiingia kwako, onyesha mahali zilipotoka. Huwezi? Lipa. Hakuna cha kulia wala kuapa.

Ndivyo yalivyomkuta Mogesi mwaka ule. Mjane mmoja wa kijiji jirani cha Genkuru, jina lake Ghati, aliibiwa ng'ombe wake wa maziwa, naye hakuwa na mwingine. Waitara akafuata nyayo. Kazi rahisi, maana kwato ya nyuma ya kushoto ilikuwa imepasuka, inaacha alama ambayo hata kipofu angeipapasa. Zikampeleka mpaka kwenye mwamba ulio juu ya boma la Mogesi. Sasa mwamba haushiki unyayo, hata apite tembo. Mfuata nyayo wa kweli huuzunguka mwamba mzima akitafuta nyayo upande wa pili. Lakini jua lilikuwa kali, tumbo tupu, na Mogesi alikuwa amemcheka Waitara tangu siku walipotahiriwa pamoja. Waitara akanyoosha fimbo kuelekea kwenye boma.

"Zimeingia kwako. Onyesha mahali zilipotoka."

Mogesi akazunguka, akatoka jasho, akakosa la kuonyesha. Wazee wakapanga baraza baada ya mavuno. Neno la Waitara likisimama, Mogesi angelipa ng'ombe watatu kwa mmoja.

Katikati ya kungoja huko, Hezekia mwenye duka akanunua redio ya betri. Ebo! Nyanungu haikulala. Kila Jumamosi saa kumi jioni ulikuja mchezo wa wizi: saa ya dhahabu ya tajiri mmoja wa mjini imepotea, na inspekta mwenye sauti nzito anawahoji watu wa nyumba ile mmoja mmoja. Ulikwenda wiki nane. Waitara alikaa mbele kabisa, juu ya debe, na tangu wiki ya pili alikuwa ameshakata shauri.

"Mpishi," alisema. "Anajibu kabla hajaulizwa. Mwizi wangu ni huyo huyo mpishi."

Watu wakakubali. Nani angebishana na Waitara habari za wezi? Mogesi peke yake ndiye aliyenyamaza, na alikuwa na sababu. Waitara akikosea kwenye redio, mbele ya kijiji kizima, nani atamwamini kuhusu mwamba?

Jumamosi ya mwisho watu walijaa mpaka barabarani. Hezekia alikuwa ameanika betri juani tangu asubuhi ili zipate nguvu, naye alimfukuza kila aliyekohoa. Inspekta akawakusanya watu wote sebuleni. Mara mtumishi mmoja akavuta mfuko wa koti la inspekta mwenyewe, na saa ya dhahabu ikaanguka sakafuni, kwaa! Mwizi alikuwa inspekta. Wiki nane alikuwa akiwahoji watu, na saa iko mfukoni mwake.

Duka zima likalipuka kwa kicheko. "Tata Waitara!" Mogesi alipaza sauti, akimwita baba kwa dhihaka. "Mpishi wako hajambo?"

Waitara akasimama kwa hasira. "Upuuzi mtupu! Mtu amtafute mwizi wiki nane, kumbe anajitafuta mwenyewe? Aliyetunga mchezo huu hajui kitu. Mtu wa namna hiyo hayupo duniani!"

Akaondoka. Siku zote alikuwa akitembea kidevu juu, kama anayenusa mvua. Siku ile aibu ilimwinamisha kichwa, akawa anatazama chini njia nzima. Manyunyu ya jioni yalikuwa yamelainisha udongo. Alipofika kwenye mlango wa boma lake mwenyewe, akauona unyayo wa mguu wa nyuma wa kushoto. Kwato iliyopasuka.

Alichuchumaa. Akaupima kwa kidole. Akauona mwingine, na mwingine, zote zikiingia ndani, mpaka kwa ng'ombe mwekundu mwenye masikio yaliyokatwa alama mpya. Huyo aliletwa na mkwewe Joram, wiki moja baada ya wizi, kumalizia mahari ya binti yake Rhobi. Waitara alimpokea kwa pombe na vigelegele. Ng'ombe wa mahari hakaguliwi kwato; na nani hutafuta nyayo uani kwake?

Mkewe Bhoke akatoka na ufagio. Akatazama chini, akamtazama mumewe. Hakuwa mjinga.

"Baba Rhobi, nifagie?"

Rhobi alikuwa na mimba ya miezi sita. Joram akitajwa, ndoa imevunjika na binti anarudi nyumbani na tumbo lake. Bhoke akifagia, Mogesi analipa, na jina la Waitara linabaki safi kama uwanja uliofagiwa. Roho ilimuuma. Jumapili nzima hakuonja chakula.

"Acha," alimwambia Bhoke mwishowe.

Jumatatu, siku ya baraza, alifika mbele ya wazee akimvuta ng'ombe mwekundu kwa kamba. Akasimama katikati. "Wazee, mwamba sikuuzunguka. Nilikosea. Nyayo ziliingia kwangu."

Watu wakacheka mpaka machozi. "Mzee anaigiza redio!" Hezekia alipiga makofi. "Inspekta huyo! Inspekta!"

Ghati hakucheka. Aliinuka pale alipoketi na akina mama, akapiga mluzi ule wa kumwitia ng'ombe kukamuliwa. Ng'ombe akamponyoka Waitara, akamwendea mjane mbio, akachapa kwato yake iliyopasuka vumbini, mbele ya macho yote. Ghati akamkumbatia shingo, akalia.

Kicheko kikakatika. Mogesi akainama, akaitazama alama ile kwa muda mrefu, kisha akainuka. Akamrudishia Waitara maneno yake yale yale.

"Zimeingia kwako," alisema. "Onyesha mahali zilipotoka."

Waitara alitazama upande wa kilima, ambako moshi wa jiko la Rhobi ulikuwa unapanda. Kukizunguka kilima kizima kulikuwa mwendo wa nusu saa tu.

"Hazikutoka," alisema. "Nitalipa."

Wazee wakashika vichwa. Hezekia akamgeukia jirani yake, uso unang'aa. "Unaona? Na yeye alisema mtu wa namna hiyo hayupo. Redio haisemi uongo!" Wote wakakubaliana naye. Waitara alikuwa ametaja wezi maisha yake yote, na safari hii tu alimjua mwizi kwa hakika. Akafunga mdomo, akaenda kuwatoa bomani ng'ombe watatu.