Maombi Yaliyosikika Mpaka Benchi la Tatu

Saa mbili asubuhi, mshauri wa kanisa anawasha feni. Nje kuna baridi ya kugonganisha meno, lakini feni inazunguka, inakwaruza, inalalamika kama mgonjwa aliyenyimwa chai. Haikuwekwa kwa ajili ya joto. Chumba hiki kimetengwa na stoo ya ngoma kwa mbao nyembamba, na wanakwaya wanaopita huko wana masikio marefu kuliko sauti zao.

Anavuta kiti cha mgeni karibu na mlango. "Aliyekuja kulia asilazimike kuruka magoti yangu akitaka kutoka," anasema. Kisha anakaa, anasubiri.

Zamani benchi la nje lilijaa watu. Leo limekaliwa na ndoo ya kudekia.

Kwa miaka kumi na minne watu walimwita Kaburi: kinachoingia hakitoki. "Ugomvi wa majirani mimi nausikia sokoni," anasema mkewe, "na kumbe mmoja wao kashinda kwa mume wangu analia." Posho ya kanisa haifiki nusu ya mshahara wa mlinzi wa geti, lakini jina lile lilimshibisha. Sasa vijana wamembatiza upya. Wanamwita Kipaza Sauti.

Mambo yaliharibika miezi miwili iliyopita. Fundi cherehani, mama wa watoto wawili, aliingia chumbani humu, akafungua kitambaa shingoni. Alama za vidole vya mumewe, fundi wa magari, zilikuwa bado mbichi. Akasema Jumamosi ataondoka na watoto, aende kwa dada yake.

Kaburi anaamini ndoa haivunjwi. Yeye na mkewe wamevumiliana mpaka wamefanana. Hakumkataza, hakumruhusu. Alibaki na neno limemkwama kooni kama mfupa, na Jumatano, akiongoza ibada ya maombi, mfupa ukatoka.

"Bwana, mkumbuke binti yako anayeshona nguo za watu huku nyumba yake ikichanika. Uizuie safari yake ya Jumamosi."

Jina hakutaja. Kwake, kumwambia Mungu hakukuwa kumwambia mtu. Ila Mungu siku ile hakuwa peke yake. Kanisa lina fundi cherehani mmoja tu, na benchi la tatu alikaa mama mkwe wake, macho kafumba, masikio wazi. Waliokuwepo wanasema amina yake ilizidi za wote.

Ijumaa fundi wa magari akawahamishia watoto kwa mama yake. Fundi cherehani aliporudi kutoka kazini alikuta sare zao za shule bado zinaning'inia kwenye kamba, hazijakauka. Jumamosi akaondoka peke yake.

Kabla ya kusema lolote na gazeti hili, Kaburi alitutuma kwanza kwa mama huyo kuomba ruhusa. "Andikeni tu," alisema, mguu ukiendelea kukanyaga pedali. "Mtaa mzima unajua. Gazeti lenu litamwambia nani?"

Wiki iliyopita mwenyekiti wa wazee wa kanisa alimwita Kaburi.

"Ndugu yangu, wewe uliyemwaga, wewe uzoe. Mrudishe yule mama kwa mumewe. Watoto watapata wazazi, na sisi tutapata usingizi."

"Na shingo yake, mzee?"

"Tutaiombea."

"Tumeshaiombea," Kaburi akajibu. "Ndiyo maana tuko hapa."

Msimamo wake kuhusu ndoa haujabadilika, na hilo ndilo linalomtesa. "Naamini ndoa ni ya kudumu. Lakini anayekabwa ni yeye, siyo imani yangu," anasema. Alitaka asimame Jumapili atubu mbele ya watu, akajizuia. "Nikisema nimekosa, wataulizana nimemkosea nani. Nitakuwa nimemwanika mara ya pili."

Mlango unagongwa. Ni fundi cherehani, sindano bado imechomekwa kwenye kola.

"Shikamoo, mtumishi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

"Nasimama tu. Nimekuja kwa lile uliloniuliza."

Alhamisi ofisi ya ustawi wa jamii itasikiliza shauri la watoto, na aliyeiona shingo yake siku ile ni Kaburi peke yake. Wazee wameshamwonya: akienda kushuhudia dhidi ya ndoa, arudishe ufunguo wa chumba. Yeye yuko tayari kwenda, lakini safari hii amesubiri atumwe.

"Ukienda utasema nini?" mama anauliza.

"Utakachonituma. Usiponituma, nitakaa hapa hapa na feni yangu."

Mama anatazama feni, karibu acheke, asicheke.

"Sema ulichokiona kwa macho. Nilichokwambia kwa mdomo niachie, nitasema mwenyewe. Na mtumishi…"

"Naam."

"Usiniombee tena kwa sauti."

Anaondoka. Kaburi anakaa muda mrefu, kichwa kainamisha, midomo haichezi.

Baadaye anatueleza mpango wake. Alhamisi ataukabidhi ufunguo asubuhi, kabla hajaombwa, kisha aende ustawi wa jamii. Anatumaini watoto watarudi kwa mama yao kabla shule hazijafunguliwa.

Na wasiporudi, je? Utamwomba mama yao akusamehe? tunamuuliza.

"Hapana," anasema. "Anajua Mkristo anatakiwa kusamehe. Nikimwomba, atajiona hana njia ya kunikatalia."